Mashine ya Kufulia Mazulia na Tangi la Mama Mkwe

Jumla ya mashine na vikorokoro vyake ilikuwa shilingi elfu hamsini na nne, mia tisa na hamsini. Nilipohesabu mara ya kwanza nilipata elfu hamsini na nne na mia nane; nikarudia, nikaikumbuka mia na hamsini ya chai ya mlinzi wa geti. Mlinzi yule aliipokea kwa furaha kubwa kuliko niliyokuwa nayo mimi nikiitoa.

Kabla ya hapo nilikuwa nikifua mazulia ya watu pale Ukunda kwa brashi na magoti, nyuma ya kibanda cha kuoshea magari. Zulia moja la sebuleni lilinila nusu siku, na likishalowa lilikuwa zito kama ng'ombe aliyegoma kuvuka barabara. Basi niliposikia kwamba hoteli moja ya Galu inang'oa mazulia yote iweke vigae, na mashine yake inauzwa, usingizi ulinikimbia.

Nilikuwa na elfu ishirini na tano kasoro hamsini. Thelathini nilizitafuta kwa mama mkwe, Msambweni. Mkwe hamkabili mama mkwe na habari za mkopo, kwa hiyo nilimtuma mke wangu. Akarudi na pesa zimefungwa kwenye kitambaa, pamoja na sharti. Mdogo wake alikuwa anaolewa Ijumaa ile, na wazee wa nikaha wangekaa juu ya zulia jekundu aliloliacha marehemu baba yao.

"Mama amesema ulifue kwa hiyo mashine," mke wangu akaniambia. "Likipendeza, utamlipa polepole. Likiharibika, mashine iuzwe siku hiyo hiyo, apate chake anunue jingine."

Nikasema sawa. Mtu mwenye pesa mkononi husema sawa kwa vitu vingi.

Jumatatu nikaenda Galu. Mweka stoo alikuwa kijana wa bara, mchangamfu. Akanionyesha mashine: pipa la buluu lenye matangi mawili ndani, moja la maji safi yanayonyunyizwa kwenye zulia, jingine la maji machafu yanayofyonzwa. Moyo wangu ulicheza chakacha. Uso nikaununisha kwa bidii.

"Bosi, hii kitu ni moto. Elfu themanini, na hapo nimekuonea huruma."

"Gurudumu la nne liko wapi?"

"La nne la nini? Tuktuk ina mangapi?"

"Tuktuk haisukumwi na mwenyewe."

"Ungejua ile yangu inavyosukumwa, bosi!"

Nikataka kuijaribu. Tukazunguka hoteli nzima tukitafuta zulia, hakuna. Vigae vitupu, vinang'aa kama meno ya bandia. Mwishowe tukajaribia mto wa kiti chake mwenyewe. Mashine ikanguruma, ikanyunyiza, ikafyonza, na kwenye mfuniko wa kioo tukaona maji yanapita meusi kama kahawa ya mtaani. Mweka stoo akaugeuza mto wake, akautazama.

"Nimekalia hiyo miaka mitatu," akasema polepole.

Kwa aibu ile peke yake alishuka elfu kumi. Zilizobaki nilimshusha kwa gurudumu, kwa bomba lililozungushwa utepe wa gundi, na kwa kuondoka mara mbili hadi getini. Tukafunga kwa arubaini na nane. Nikaongeza sabuni maalumu ya mazulia, waya wa umeme wa mita thelathini, brashi, viatu vya mpira, na tuktuk ya kunirudisha nyumbani. Njia nzima niliikumbatia mashine. Dereva akaniuliza kama ni mgonjwa.

Mke wangu aliizunguka mara moja, mikono kiunoni.

"Kwa hiyo mke mwenza ndiye huyu?"

"Huyu hali wala havai."

"Tutaona. Mimi pia niliambiwa sina gharama."

Jumatano asubuhi tulikuwa Msambweni. Zulia lilitandazwa uani juu ya mikeka mikuukuu. Mama mkwe alikaa barazani akipepeta mchele wa arusi, amenipa upande, kama heshima inavyotaka. Nikachota maji kisimani, nikajaza tangi, nikatia sabuni vifuniko viwili. Povu halikuja. Nikatia vinne. Hakuna. Kimoyomoyo nikamtukana aliyeniuzia sabuni, nikajua kaichanganya na maji, nikatia nusu dumu. Povu likatoka kidogo, la kinyongo. Nikafua hivyo hivyo hadi adhuhuri, shati limelowa, nafsi imejaa raha. Mashine ilikuwa inaimba na majirani wa ukweni walikuwa wanachungulia uani.

Alhamisi asubuhi zulia lilikuwa limekauka. Limekauka hasa. Mke wangu alilinyanyua pembe moja, nalo likanyanyuka zima, kama ubao. Mabaka meupe yamelitapakaa kama papa ng'onda aliyeanikwa juani.

"Mama! Njoo uone ng'onda!" akaita, akicheka mpaka akashika ukuta.

Mama mkwe akaja, akainama, akalikwaruza zulia kwa ukucha, akaonja.

"Chumvi," akasema. "Mwanangu, ulichota kisimani?"

"Ndiyo, mama."

"Kisima chetu ni cha chumvi tangu kichimbwe. Sabuni gani itatoa povu mle?"

Miaka sita nimeoa nyumba ile. Miaka sita, nikifika, naletewa maji ya kunywa kwenye gilasi juu ya sinia, na ya kuoga yameshapashwa na kuwekwa bafuni, yote ya tangi la mvua, kwa kuwa mkwe ni mgeni daima. Sijawahi kuchota ndoo moja. Nilihesabu kila kitu mara mbili, lakini kisima sikukionja hata mara moja.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Nitamfundisha mkwe kazi yake? Nilidhani ndio utaalamu."

Nikaiangalia mashine yangu. Jua lilikuwa bado la asubuhi. Mtu wa kuinunua angepatikana kabla ya magharibi. Nikaanza kuhesabu atanipunja kiasi gani.

Mama mkwe akainuka. Akafungua fundo la leso yake, akatoa ufunguo mdogo, akaenda kwenye tangi la saruji nyuma ya jiko, akafungua kufuli la bomba. "Lioshe," akasema. "Sabuni usitie."

Sikuhitaji kutia. Maji ya mvua yalipoligusa zulia, nusu dumu nzima ya sabuni ya jana ikaamka. Povu likapanda vifundoni, likapita chini ya mlango wa jiko, likamfunika jogoo akabaki upanga wa kichwani tu. Mke wangu akavua ndara akaingia katikati, akitupiga na povu sisi sote. Bibi arusi, aliyekatazwa kutoka ndani, akatoka. Na mama mkwe, aliyenipa upande miaka sita, alikuwa ameketi kizingitini amenigeukia uso mzima, leso mdomoni, mabega yanatetemeka kwa kicheko. Mimi nilikuwa nafyonza na kupiga kelele, "Dumu jingine! Leteni jingine!" Kufikia alasiri maji yaliyofyonzwa yalikuwa meupe kama yalivyoingia.

Ijumaa baada ya sala wazee walivua viatu, wakakaa. Mmoja akalipapasa zulia.

"Mmenunua jipya?"

"La zamani," mama mkwe akajibu kutoka ndani. "Limefuliwa na mkwe wangu."

Nikaha ikafungwa. Wazee watatu waliondoka na nambari yangu ya simu, wa nne akairudia mara mbili, nikampenda.

Wageni walipokwisha, mama mkwe akaniita.

"Zile elfu thelathini usiziharakishe, mwanangu. Utaleta kidogo kidogo."

"Ahsante, mama."

"Maji yangu ndiyo nayataka. Madumu kumi na manane."

Mimi nilikuwa nimehesabu kumi na sita. Nikarudia, kumi na saba. Sikubishana. Nikamwambia nitaleta lori la maji matamu. Akatikisa kichwa: ya bomba yana dawa, ya lori hajui yametoka wapi. Alinikopesha ya mvua, anataka ya mvua.

Leo kaskazi inavuma, mbingu ni kavu kama sakafu ya ile hoteli, na wiki hii amenipigia simu mara mbili kunisalimu. Mwenye tangi la mvua lililojaa kati ya Msambweni na Kombani, naomba tuzungumze. Zulia lako nitalifua bure. Mazulia mawili, ukinikazania.