Kinyozi Aliyetaka Wanajeshi Waende

Wateja walimwita Katibu Mkuu, na benchi lao la mbao waliliita Baraza la Usalama, kwa sababu hakukuwa na vita duniani ambavyo havikujadiliwa pale na kutolewa uamuzi kabla ya kichwa cha mwisho kunyolewa. Kinyozi mwenyewe hakulichukia jina. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, koti lake jeupe limepigwa pasi kila asubuhi, na duka lake lilitazamana na lango la kambi ya jeshi. Vichwa vingi alivyovishika vilikuwa vya askari.

Mdomo wake haukuwa na breki, lakini kazi yake ilikuwa na sheria moja. Mtu akishakaa kwenye kiti, kitambaa shingoni na wembe kooni, kinyozi hakumwomba kitu. Hakuomba nyongeza, wala kazi kwa ajili ya mpwa wake, wala kupitishwa mbele kwenye foleni ya hospitali. Alisema mtu aliye chini ya wembe hana nafasi ya kukataa, na kumwomba mtu wa namna hiyo ni kumpora kwa adabu. Maofisa walimheshimu kwa hilo. Kanali, mkuu wa kambi, alifumba macho kwenye kiti kile na kusinzia kama mtoto.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka katika nchi ya jirani, mzaha wa benchi ulimwingia kinyozi mwilini. Dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, alikuwa ameolewa huko. Mji wake ulikuwa katikati: asubuhi unapigwa na hawa, jioni na wale. Dada na wajukuu zake walikuwa wamejibanza kwenye stoo ya duka la vifaa vya ujenzi, nyuma ya mifuko ya saruji. Mtandao ulipokubali alipiga simu, na kila mara alimaliza kwa swali lilelile: askari wenu wanakuja lini?

Basi kinyozi akawa hana habari nyingine. Anayekuja kupunguza ndevu, anayekuja kunyoa kipara, wote waliambiwa kwamba nchi zenye majeshi zimekaa zikitazama watu wakichinjwa, na kwamba kutazama nako ni kushiriki. Aliyempinga alikuwa Mwalimu, mzee mstaafu aliyefika karibu kila siku ingawa nywele alizobakiza zilihitaji kazi mara moja kwa mwezi. Mwalimu hakuwa mtu wa kelele. Aliuliza tu. Wageni wakiingia na bunduki, watasimama upande gani? Leo wanauana wenyewe kwa wenyewe. Kesho watawaua wetu, wetu nao watalipiza, na mama aliye stoo atabaki katikati vilevile. Halafu nani ataitaja siku ya kurudi?

"Mwalimu, wewe unauliza maswali na dada yangu anahesabu mabomu," kinyozi alimjibu siku moja.

"Nauliza kwa sababu yake," Mwalimu akasema. "Kama ingekuwa kwa sababu yangu, ningekuwa nyumbani nimelala."

Hatimaye serikali ikatangaza kwamba itatoa kikosi kuungana na majeshi ya nchi nyingine. Siku hiyo Katibu Mkuu alinyoa watu huku akipiga mluzi. Alimwambia Mwalimu akae kwenye kiti anyolewe bure, kama fidia ya kushindwa. Mwalimu alikaa, lakini hakucheka.

Jua lilikuwa bado halijazama binti wa kinyozi alipoingia dukani. Alikuwa mjamzito wa mimba ya kwanza, na mume wake alikuwa koplo katika kambi ile. Alingoja mteja wa mwisho atoke, akarudisha mlango.

"Baba, naye yumo."

Kinyozi aliendelea kufuta kioo ambacho tayari kilikuwa safi. Alijua tangu redio ilipotangaza; alijua kama mtu anavyojua jino litauma, akatafuna upande mwingine. Binti hakulia. Alisema Kanali huja kunyolewa kila Jumamosi, na hakuna mtu mwingine katika mji ule anayekaa naye karibu kwa muda mrefu namna ile. Neno moja la baba yake lingetosha. Kinyozi akaleta habari ya sheria yake.

"Hiyo ni sheria ya kiti," binti akasema. "Mimi si kiti. Mimi ni mwanao."

Kuanzia hapo kinyozi hakutulia. Lori likinguruma langoni, mkono wake ulisimama hewani. Alimkata mteja nyuma ya sikio, jambo ambalo benchi zima halikukumbuka kuliona, na wakamtania kwamba Katibu Mkuu ameanzisha vita vyake. Alicheka nao. Koplo mwenyewe alipita kumsalimia mkwewe, akazungumzia buti mpya zinazobana vidole, basi. Hakusema anaogopa, hakusema haogopi.

Mchana wa Ijumaa simu ya dada ikaingia. Kinyozi akatoka nje, akampa habari njema: wanakuja, sasa ni hakika. Dada akashukuru mpaka sauti ikamkauka. Kisha kinyozi, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumwambia, akamwambia na ile ya pili.

Upande wa pili mtoto alisikika akikohoa.

"Yule wa picha ya harusi?" dada akauliza.

"Huyohuyo."

"Basi yeye asije. Waje wengine."

Simu ikakatika. Kinyozi alibaki ameshikilia kitu kisichosema. Dada hakuwa wa kulaumiwa. Mtu aliyejibanza nyuma ya saruji ana haki ya kusema lolote. Lakini kinyozi hakuwa amejibanza popote. Alikuwa amesimama juani, ameshiba, na maneno yale ndiyo hasa aliyokuwa nayo kifuani tangu binti yake arudishe mlango. Miezi yote ile aliposema "waende", alikuwa akisema watoto wa wenzake.

Jumamosi Kanali akaja. Alilala kwenye kiti, akafumba macho, na kinyozi akamnyoa bila kutamka neno, hata benchi likashangaa. Alimpangusa povu, akaweka wembe chini, akakunja kitambaa. Kanali aliposimama na kuvaa kofia ndipo kinyozi alipomwomba watoke barazani. Alijiambia kwamba sheria haikuvunjwa. Roho yake ilijua imepindishwa.

Ombi lilimtoka vipande vipande: binti, mimba, koplo. Kanali alimsikiliza huku akitazama langoni, ambako vijana walikuwa wakipakia masanduku kwenye malori.

"Nikimtoa huyo, nafasi yake inazibwa leo hii," alisema, bila hasira. "Vijana hawa umewashika vichwa wote, Katibu Mkuu. Nitajie mmoja wa kwenda badala yake, nami nitafanya."

Kinyozi akatazama. Alimwona mrefu aliyemzika baba yake juzijuzi. Alimwona mwenye kovu la moto utosini, baba wa mapacha. Halafu macho yake yakatua kwa kijana mmoja mcheshi aliyelelewa kwenye kituo cha yatima, asiye na mke wala mchumba wala jamaa wa kumpigia simu. Moyo wa kinyozi ukasema: huyu, huyu hana mtu. Jina lilikuwa tayari kwenye ulimi. Lilikuwa limefika upesi mno, na upesi ule ndio uliomtisha. Hakuwahi kujijua kwamba anaweza kuchagua mtu wa kufa kwa urahisi wa kuchagua mkasi.

"Nisamehe, Afande," akasema. "Sina wa kumtaja."

Kanali akamtazama kidogo, akagusa kofia, akavuka barabara.

Binti alikuja kwa ajili ya jibu siku ileile. Kinyozi angeweza kusema Kanali amekataa, na mambo yangeishia hapo. Baba wengi wangefanya hivyo na wakauita upendo. Alimweleza yote kama yalivyokuwa.

"Kwa hiyo ulikuwa na nafasi," binti akasema.

"Nilikuwa nayo."

"Jina moja tu. Nani angejua?"

"Yule niliyemfikiria hana hata mama wa kumlilia," kinyozi akajibu. "Ndiyo sababu nilimfikiria yeye."

Binti alikaa kwenye kiti cha wateja, mkono tumboni, akijitazama kiooni. Akamuuliza kama bado anataka jeshi liende. Kinyozi akasema ndiyo, bado, kwa sababu watu wale hawana mlango mwingine. Ila sasa anaona Mwalimu naye hakuwa anabishana na hewa, na hajui lipi kati ya hayo mawili litakuwa kweli, na huenda akajua kwa habari ambayo hatataka kuisikia. Binti akaondoka bila kuaga.

Siku ya safari watu walijaa kandokando ya barabara. Kinyozi alimkuta binti yake mbele ya umati, akasimama ubavuni pake. Binti hakumtazama, hakumsogelea, hakumwepuka. Lori la koplo lilipita kwanza. Mume na mke wakatazamana mpaka vumbi likawatenganisha. Malori mengine yalikuwa bado yanatoka langoni.

"Ni yupi?" binti akauliza.

"Yupi?"

"Uliyemfikiria."

Kinyozi hakutaka, lakini alionyesha kwa kidevu. Kijana yule alikuwa amekaa mwisho wa lori, anasimulia kitu, wenzake wanacheka. Hakuwa akimtafuta mtu yeyote barabarani.

Binti alimtazama muda mrefu. Kisha akainua mkono, akampungia.

Kijana aligeuka nyuma kuona ni nani anayepungiwa. Alipoona hakuna mwingine, akavua kofia, akaipunga mpaka lori likakata kona.