Bunduki Isiyotobolewa

Tauno Lahtela alikuwa fundi bunduki, na fundi kweli, si wa kubahatisha. Kwa miaka karibu thelathini watu wa mji ule wa machimbo ya chuma, kaskazini kabisa mwa Michigan, walimletea bunduki zao kila Oktoba kabla ya msimu wa kulungu. Kibanda chake cha kazi kilikuwa nyuma ya nyumba ya baba yake, kimeshikana na chumba cha kuogea kwa mvuke ambacho kila mtu wa asili ya Finland kule anacho. Hakuna bunduki ya maana wilayani ambayo haikupita kwenye jiliwa yake ya kubania vyuma. Isipokuwa moja, nayo ilikuwa ya baba yake mzazi, na hapo ndipo kilipomkaa kijiba cha roho.

Baba huyo, mzee Kalle, aliinunua mwaka 1937 kwa jasho la chini ya ardhi. Kitako chake kilikuwa cha mti wa jozi, chuma chake cheusi chenye ubuluu kwa mbali. Kwenye kambi yao ya kuwinda aliitundika kwenye msumari wake mwenyewe na kuisafisha mwenyewe, mgongo akiwapa wenzake.

"Baba, nipe niikague kidogo," Tauno alimwambia mara nyingi.

"Haina ugonjwa," mzee alijibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Alipofariki mwaka 1972, wosia ulisomwa mezani. Nyumba kwa Tauno, kibanda kwa Tauno, msumeno mkubwa kwa Tauno. Bunduki kwa Renzo Valenti, mume wa Aune, dada yake Tauno. Renzo! Muuza nyama wa Kiitaliano, mtu asiyejua tofauti ya tupa na bisibisi! Haya, niambie wewe, mtu kaachiwa nyumba nzima na bado roho inamuuma kwa bunduki. Lakini ndivyo alivyokuwa, na mimi simtetei. Baba anampa nani kitu anachokipenda kuliko vyote? Anampa yule anayemwamini. Tauno alipiga hesabu hiyo usiku na mchana, na kila mara jibu lilikuwa Renzo.

Wala haikuanzia kwenye wosia. Kila Jumapili, kwa miaka ishirini, mzee alivaa kofia yake na kwenda kula kwa Renzo. Tauno alifika huko mara mbili tatu, akaona kwa macho yake Aune akimkatia baba yao mkate, kipande baada ya kipande, na mzee ametulia kama bwana harusi. Nyumbani, alikoishi na Tauno, mzee alimegua mkate kwa mkono na kula haraka haraka. "Huko anadekezwa," Tauno alimwambia mkewe. "Hapa kwetu ni hotelini tu."

Basi miaka sita Tauno hakuigusa bunduki ile. Renzo akiiegemeza ukutani kambini, yeye huangalia pembeni. Na mwaka 1977 Renzo alipomkosa dume kubwa hatua themanini tu, Tauno ndiye aliyerukia mkasi. Sheria ya kambi inajulikana: ukimkosa kulungu unakatwa pindo la nyuma la shati, linapigiliwa ukutani na jina lako. Wengine hukata kipande cha ukubwa wa kiganja. Tauno alipanda na mkasi mpaka mabegani.

"Shemeji, umeniacha uchi," Renzo alisema.

"Ungepiga sawasawa ungebaki na shati," Tauno akamjibu, na moyoni akaona raha ambayo hata yeye ilimtia aibu.

Novemba iliyofuata, zikiwa zimebaki siku saba msimu ufunguliwe, Renzo alikuja kibandani na kitu kimefungwa kwenye blanketi. Tauno alikijua kabla hakijafunguliwa.

"Macho yamekwisha, shemeji," Renzo alisema. "Kile chuma cha mbele cha kulengea siwezi kukiona tena, naona ukungu tu. Nifungie darubini."

"Hii?" Tauno aliweka tupa chini. "Unajua unachoniambia? Darubini haikai hewani, inataka matundu. Nitoboe ubavu wa chuma, nikate hesi ndani yake za kushika skrubu, nitie skrubu. Hii ni ya kabla ya vita, haijaguswa. Wakusanyaji wa bunduki za kale wanatoka Chicago kutafuta kitu kama hiki. Ukishatoboa tundu moja, umekwisha, ni bunduki kama bunduki nyingine."

"Haijaguswa," Renzo alirudia, akiangalia jiko.

"Hata tundu moja. Mzee aliitunza miaka thelathini na mitano, wewe unataka kuiharibu kwa sababu ya shati?"

"Sikuja kuuza, Tauno. Nimekuja kuwinda."

Hapo Tauno alitoa lile alilokuwa nalo mdomoni tangu blanketi lilipofunguliwa. Ukutani alikuwa na bunduki mpya kabisa, darubini juu yake, mtu angeweza kuhesabu manyoya ya kulungu. "Chukua ile. Burebure. Niachie hii, niitundike, ikae kama ilivyo. Ni kwa faida ya ukoo."

Faida ya ukoo! Aliyasema hayo bila kupepesa macho. Renzo akatikisa kichwa.

"Mzee alinipa mimi," alisema kwa upole. "Wewe toboa tu, shemeji."

Upole ule ndio uliomuudhi Tauno zaidi. Angetukanwa ingekuwa nafuu. Alibaki na bunduki kwenye jiliwa siku nne bila kuitia mkono, akiizunguka, akiisema na mkewe, akiisema peke yake. Mara aone bora aseme mashine imekufa. Mara aone bora aitoboe vibaya makusudi, tuone Renzo atajivunia nini. Fundi wa miaka ile yote, na mawazo ya namna hiyo.

Jumapili asubuhi alijilazimisha. Alikata kipande cha chuma cha kushikia darubini, akapima ubavuni, juu kidogo ya chemba ya risasi, akachukua kitambaa na spiriti afute mafuta ili aweke alama. Kitambaa kilirudi cheusi. Si weusi wa mafuta. Ni weusi wa ile dawa ya chupa ambayo watu hupaka chuma kuficha mkwaruzo. Akafuta tena. Pale pale alipotaka kuweka alama, kikatokea kiduara kama punje ya dengu.

Tauno aliwasha taa, akavaa miwani ya kukuzia. Lilikuwa tundu. Lilitobolewa kwa drili ya mkono, limekwenda upande kama mtu aliyelewa, likazibwa kwa skrubu, likasagwa kwa tupa mpaka sawa na chuma, likapakwa dawa. Kuziba kulikuwa kwa uvumilivu mkubwa. Kutoboa kulikuwa kubaya.

Kwanza alisema, kafanya Renzo. Akafurahi. Lakini alipochimbua skrubu ile, hesi zake zilikuwa za aina iliyotumika kwenye mashine za mgodini, na mgodini alifanya kazi mzee Kalle, si muuza nyama. Tauno alikaa chini kwenye kigoda. Hotuba yake yote ya wakusanyaji wa Chicago ilimrudia, sentensi kwa sentensi.

Hakutoboa tundu jipya mahali hapo. Alitengeneza skrubu kwa mkono, yenye kufuata upinde wa lile tundu bovu, akasaga kishikio upande mmoja hadi kikakaa wima, kisha akatoboa matundu mengine mawili yaliyonyooka ya kulisaidia. Kazi ya saa mbili ilimchukua siku nzima. Darubini ilikaa sawasawa.

Jumanne, siku moja kabla ya msimu, Renzo alikuja kuichukua. Aliigeuza, akapitisha kidole ubavuni, kidole kikasimama kwenye skrubu ya kwanza.

"Umeliona," alisema.

Tauno aliyekuwa akifuta mikono aliacha kufuta. "Wewe ulijua?"

"Nilimshikia mzee taa."

"Lini? Wapi?"

"Vuli ya 1951, stoo kwangu. Macho yalikuwa yameanza kumtupa, akataka darubini, ila hakutaka mtu ajue. Tena mji mzima ulikuwa Tauno hivi, Tauno vile, fundi aliyesoma. Nadhani alikuonea wivu kidogo. Akasema, nitatoboa mwenyewe, nimwonyeshe kijana kwamba na mimi naweza. Drili ikateleza."

"Kibanda changu kiko hatua sitini kutoka kitandani kwake, Renzo. Ningelinyoosha kwa nusu saa."

"Alikuwa akuletee Jumatatu. Alishaifunga kwenye gunia. Jumamosi tukaingia kwenye mvuke."

Renzo hakuhitaji kuendelea, lakini aliendelea, kwa sababu lilikuwa limemkaa miaka ishirini na saba. Jumamosi ile walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, wanaume saba uchi na jasho, na Tauno, kijana wa miaka ishirini na sita, alikuwa akiwachekesha kwa habari za bunduki ya jirani iliyotobolewa kombo. Tauno aliyakumbuka maneno yake kabla Renzo hajayatamka. Alisema mtu aliyetoboa vile asipewe hata kisu cha mkate. Watu walicheka mpaka mmoja akajimwagia maji ya moto. Mzee Kalle alikuwa benchi la juu kabisa, mvuke umemfunika.

"Alicheka na yeye," Tauno alisema. "Nilimsikia."

"Alicheka, ndiyo. Halafu Jumapili akaja kwetu, Aune akamwekea mkate, akausukuma. Nikatie wewe, binti yangu, mimi siruhusiwi kisu. Tukadhani ni mzaha wa siku moja. Hakushika kisu mezani kwetu mpaka alipokufa."

Renzo alifunga bunduki kwenye blanketi, akaaga, akaondoka kwenye theluji.

Usidhani wivu ulikwisha. Ulihama tu. Bunduki haikumuuma tena, angeweza kuiona ikiyeyushwa asigeuke. Kilichomuuma sasa ni ile taa. Kwamba baba yake aliharibu kitu alichokipenda, akasimama na aibu yake mkononi, na aliyekuwa karibu akimulika alikuwa mwingine. Angetoa nyumba na kibanda awe yeye aliyeshika taa ile. Na hakuwa na wa kumlaumu, jambo ambalo mwenye wivu hulichukia kuliko yote.

Msimu ulipofunguliwa Jumatano, Renzo alimwangusha dume saa mbili asubuhi, risasi moja, na wenzake wakampiga makofi mgongoni juu ya shati zima. Tauno aliona kutoka nyuma ya mti wa karibu, akavuta pumzi, akaenda kumsaidia kuburuta.

Mchana walikaa mezani kambini. Renzo alitoa mkate mweusi aliooka Aune, akauweka katikati, akamgeuzia Tauno mpini wa kisu, maana yeye ndiye mkubwa pale na ndivyo ilivyo desturi. Tauno alikitazama kisu muda mrefu hadi wengine wakaanza kuangaliana. Kisha akakisukuma kikarudi upande wa pili wa meza.

"Nikatie wewe, shemeji," alisema.

Renzo akamkatia.