Unyayo Juu ya Kisanduku

Mume wangu alikuwa mpiga solo wa bendi ya wafanyakazi, na mimi nilikuwa nikipiga chapa magunia kwenye ghala la korosho. Nilikata herufi kwenye bati, nikapitisha wino, gunia likapata jina. Ndiyo maana fundi redio wa Magomeni alipomaliza kukiunda kile kisanduku cha gitaa la mume wangu, kazi ya kukipa sura iliniangukia mimi.

Kilikuwa cha bati, ukubwa wa nusu mkate. Ndani mlikuwa na betri na vipande vya redio iliyokufa, na juu swichi ya kukanyaga. Sauti ya gitaa ikipita humo ilitoka na mngurumo, na wacheza dansi walipagawa. Mume wangu alikipenda kuliko alivyonipenda mimi, nami sikuacha kumwambia.

Lakini miaka ile ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa na vita. Yeye alizaliwa huko huko, akavushwa mto mgongoni mwa mama yake, na ulimi wake haukuficha. Siku ya kwanza alipokibeba barabarani, bati tupu lenye nyaya zinazoning'inia, mgambo walimlaza kifudifudi. Katibu wa tawi alikwenda kumdhamini, wakamwachia kwa onyo: akionekana tena na mtambo wasioujua, atakwenda ndani kama jasusi. Na sasa tulikuwa tumealikwa kupiga dansi Mahurunga, karibu na mto wenyewe.

"Kiache nyumbani," nilimwambia.

"Nikikiacha hicho, niache na mikono."

Nilikasirika siku nzima, kisha nikakaa chini kufikiri. Sura ya kisanduku ndiyo ingemtetea mume wangu, hakukuwa na kingine. Kijani niliikataa kwa sababu ni rangi ya jeshi, na nyekundu ni ya hatari. Kiongozi wa bendi alitaka nichore jembe na nyundo ili tuheshimiwe. Nikamuuliza nani atamtetea mtu anayekanyaga jembe na nyundo mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Mume wangu naye akaja na lake, nichore nembo, zile chale zilizokuwa usoni mwa mama yake.

"Umkanyage mama yako usoni?" nikamuuliza.

Mwishowe nilipaka buluu, mabaki ya rangi ya mashua, nikiamini haitamtisha mtu. Halafu nikamwambia aweke mguu wa kulia juu ya bati langu la chapa. Nikaufuatisha kwa msumari, nikaukata, nikauchapa mweupe chini ya swichi, unyayo wa mbele na vidole vyake vitano. Hata asiyejua kusoma angeelewa kwamba hapa panakanyagwa tu, hapana siri. Fundi alipokiona akasema, "Shemeji, hiki sasa kimetoka dukani." Nikavimba kichwa.

Kwenye kizuizi, kabla ya kuingia Mahurunga, tulishushwa wote kwenye lori la bendi, mimi nikiwemo. Mgambo mmoja alifungua mfuko wa gitaa, akakiona, akakitoa taratibu, akakiweka barabarani. Kisha alirudi nyuma akitazama kila anapoweka kisigino, akamwita mkubwa wake.

Mkubwa alikitazama kitambo. "Nani ntu wake?"

"Mimi," mume wangu akajibu, na lafudhi ya neno hilo moja ikatosha kutaja kwao, ng'ambo ya mto.

"Kinafanya nini?"

"Ni cha gitaa, ndugu. Nakikanyaga, sauti inabadilika."

"Unakikanyaga."

Nyuso zao zilibadilika, na mimi sikuelewa. Uzuzu wa mjini ukanisukuma mbele. "Ndugu, hamwoni kimechorwa mguu? Kingekuwa kibaya, tungekichora mguu?"

"Dada, rudi nyuma."

Tulisukumwa hadi nyuma ya mikorosho. Mume wangu akabaki peke yake barabarani na kisanduku chake.

"Kanyaga," mkubwa akasema.

Nilijua kilichomo. Nilimwona fundi akikaza skrubu kwa mkono wake. Hata hivyo mgambo wote walikuwa wamelala chini wamefunika vichwa, na nikajikuta na mimi nimelala. Mume wangu alivua kiatu. Akaweka vidole vyake juu ya vidole nilivyochora, vikakaa sawasawa. Akakandamiza.

Swichi ikalia, basi.

Hakuna aliyecheka. Mkubwa aliinuka, akapangusa vumbi, akaja hadi nilipokuwa.

"Wewe ndiye uliyechora?"

"Ndiyo."

"Nke wangu alikanyaga bomu lililofukiwa, dogo kuliko hicho, akienda kung'oa mihogo. Tulizika tulichokipata." Alisema bila ukali, na ndicho kilichoniumiza. "Watoto hapa tunawafundisha, chuma kikitaka mguu, kimbia. Wewe mguu umeuchora kabisa. Haya, piteni."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nilikuwa nimewapakia ung'ongo rangi. Nilimwomba kisu, nikapiga magoti barabarani, nikaanza kukwangua vidole vile kimoja kimoja. Bati lilikuwa likiteleza. Yule mkubwa akachuchumaa, akakishika kisanduku kwa mikono miwili ili kisitikisike, hakukiachia mpaka nilipomaliza.