Majina Waliyoyaacha Jandoni

Nilikwenda Mtwara kwa sababu nilipungukiwa alama za kwenda kwingine. Treni ya kutoka Tabora ilinishusha Dar es Salaam nikiwa na sanduku la bati na karanga alizonikaangia mama. Mvua zilikuwa zimekata barabara huko Rufiji, kwa hiyo nikapakiwa melini pamoja na mifuko ya saruji, nikatapika njia nzima. Baharia mmoja aliniletea ndoo na kuniuliza nafuata nini Kusini. Nikamwambia nakwenda kusomea ualimu, ingawa si kitu nilichokitaka.

"Basi unatapika bure," akasema.

Nilichotaka ni uganga wa hospitali. Alama zangu za kidato cha nne zilikuwa nzuri, ila hazikufika. Ofisa elimu wa kwetu aliponiona nimenyong'onyea alinipa tumaini moja: nikifanya vizuri mwaka wa kwanza chuoni, hasa katika mazoezi ya kufundisha, ningeweza kuomba kuhamishiwa kozi ya uganga. Neno lile nilisafiri nalo kama nauli ya kurudia.

Chuo kilinipeleka kufanya mazoezi katika shule moja ya upande wa Madimba, ambako mashamba ya mikorosho yanaelekea mdomoni mwa Ruvuma. Nilipanga kwa mama mmoja mjane, Mmakonde, mkulima wa mihogo. Mkufunzi wetu, mtu wa Kaskazini, mgeni huku kama nilivyokuwa mimi mtu wa bara, alituasa kila siku kwamba mwalimu anayestahili jina hilo humwita kila mtoto kwa jina lake. Nikayakariri majina ya darasa langu la nne mpaka nikawa nayaota.

Ikaja likizo. Wenzangu walicheza mpira, mimi nikarudi chuoni kujifungia na kitabu cha baiolojia. Nilisikia kwamba wavulana wa kijiji kile wameingizwa jandoni. Kwetu hatuna jando, nikadhani ni shughuli ya kukata na kupona, basi.

Shule ilipofunguliwa, mkufunzi alikuja na miwani yake, akaketi nyuma ya darasa kunipima. Wavulana walikuwa wamepakwa mafuta, wana kaptula mpya, wametulia kama wazee wa baraza. Nikauliza swali la sehemu. Nikamwita kijana hodari kuliko wote, kwa jina.

Kimya. Hakugeuza hata jicho.

Nikamwita wa pili. Kimya. Wa tatu akainamisha kichwa. Wasichana wakafunika midomo kwa mikono, na mmoja akapasuka kicheko. Kadiri nilivyozidi kuita, ndivyo nilivyozidi kuharibu, na nyuma kule kalamu ilikuwa inakwenda.

"Darasa halikutambui, ndugu," mkufunzi aliniambia nje. "Kwa mtindo huu hakuna mkuu atakayekupendekeza popote."

Jioni nilimsimulia mama mwenye nyumba. Aliacha kumenya mihogo akanitazama.

"Umewaita majina yale ya zamani?"

"Ndiyo majina yao, mama."

"Yalikuwa. Mtoto akitoka jandoni ana jina jipya. Lile la utoto limebaki huko porini. Ukimwita kwa hilo umemtukana, mwanangu, na wewe umetukana darasa zima!" Akacheka hadi akashika ubavu. Alipoona mimi sicheki, akaenda bandani akarudi na kuku. "Mpelekee baba wa yule wa kwanza. Kosa hili lina kuku wake."

Baba yule alimpokea kuku bila kutabasamu. Akaamuru achinjwe, tukamla pamoja. Kijana wake alininawisha mikono, na baba akanitajia jina lake jipya, taratibu, mpaka nikalitamka sawasawa. Kisha akauliza, "Na yule bwana wa miwani, aliandika nini?"

Nikamweleza yote, pamoja na habari ya uganga.

"Aa, hapana," akasema. "Mgeni asiyeambiwa ana kosa gani? Kosa letu hilo."

Kesho yake alfajiri alipanda baiskeli hadi chuoni, njia yote ile ya mchanga. Mkufunzi ndiye aliyenisimulia baadaye, kwa aibu kidogo, maana naye alikuwa hajui. Mzee alimwambia kwamba wale watoto hawakumdharau mwalimu wao. Kama wangeitika, wangejidharau wenyewe.

Mkufunzi akarudi kunipima upya. Safari hii niliita majina mapya, na kila niliyemwita alisimama kwa kishindo. Mwisho wa mwaka mkuu wa chuo akakubali nihame.

Nimefanya kazi nyingi tangu hapo, na uganga nao niliuacha kama nilivyoacha mengine. Lakini siku ile ya kuondoka kijijini, nikiwa juu ya lori la korosho na sanduku langu la bati, sikujua hilo. Nilijua tu kwamba nimepata nilichokifuata. Watoto walikimbia nyuma ya lori.

"Mwalimu! Kwaheri, mwalimu!"

Yule kijana wangu hodari akampiga mwenzake kofi la mgongo. "Wewe! Si mwalimu tena huyo, ni mganga. Utamtukana!"

Wote wakaanza upya: "Mganga! Mganga!"

Nilichelewa kugeuka. Nilikuwa bado nangoja waniite lile la kwanza.