Bi Nadra binti Silima wa Jambiani, Aliyekaa Mlangoni kwa Mke Mwenzake

Alizaliwa Jambiani mwaka 1957, binti wa Silima mvuvi na Bi Rahila msuka ukili. Vitabu vya wacha Mungu hupenda kutwambia kwamba mtoto mteule halii. Huyu alilia siku arubaini mfululizo, hata jirani mmoja akahamia Paje. Alihitimu Kurani akiwa na miaka kumi, akaolewa na Msabah, fundi wa kuchonga milango, akalima mwani mpaka mgongo ukamshinda. Kisha Msabah akaoa mke wa pili, Bi Badria kutoka Mbweni, mwanamke mwenye ulimi mkali. Wake hao waligombana kwa ajili ya mbuzi ya kukunia nazi, na kwa muda wa miaka kumi na moja hapana aliyemtolea mwenzake salamu. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani kwamba namwelezea malaika.

Mwaka 2014 figo za Msabah zilikufa. Alikuwa na presha ya siku nyingi, na kila alipoumwa mgongo alimeza vidonge vya dukani kama njugu. Daktari mjini akamwekea kipimo cha maji ya kunywa kwa siku, akamkataza madafu, ndizi na tende. Wake wote wawili walimwona daktari ni bahili. Kwetu dafu ndilo linalosafisha figo, na mwenye figo nzima halimdhuru. Ila figo zikishakufa, madini yaliyomo hayana pa kutokea, hujaa katika damu na kusimamisha moyo. Wao wakati ule hawakulijua hilo. Nadra akileta dafu asubuhi, Badria alileta mawili adhuhuri, ili ajulikane nani anayempenda mume zaidi. Msabah alifariki siku ya Ijumaa, akiwa ameshiba mapenzi ya nyumba mbili.

Mwaka 2019 maradhi yaleyale yakamkuta Bi Badria, akawa anapelekwa mjini mara tatu kwa wiki kusafishwa damu kwa mashine. Habari zilipomfikia Nadra alikuwa anakuna nazi. Hakuota ndoto wala hakusikia sauti. Aliiweka nazi chini, akachukua kikombe kimoja kitupu cha kahawa, akaenda kwa mke mwenzake bila hodi.

"Umekuja kunicheka?" Badria akamwuliza.

"Mume tushamlisha mpaka tukamzika," Nadra akajibu. "Wewe sikulishi."

Akaweka kibao mlangoni, akakaa. Maji ya Badria akayapima kwa kile kikombe, na hesabu akawa nayo yeye. Taabu ilikuwa wageni. Mji mzima ulikuja kumtazama mgonjwa, na nani kwetu anayekwenda mikono mitupu? Zikaja ndizi kwa mikungu, na madafu ndiyo usiseme. Nadra hakutaka kumvunja mtu moyo, basi aliyanywa mwenyewe palepale, huku akisema, "Limefika, limenyweka, Mungu akulipe. Na wewe ushapima presha? Na mkojo?" Siku moja alikunywa kumi na moja. Hiyo naihesabu kuwa karama yake ya kwanza.

Lakini watu wana macho. Badria alikonda, Nadra akanenepa. Ikasemwa kwamba anamwua mke mwenzake kwa kiu, na kisa ni ile mbuzi. Mimi niandikaye haya, mwalimu wa chuo cha Kurani na mtu wa kuheshimiwa, ndiye niliyempelekea sheha, mkuu wa mji wetu, mashtaka, na niliyapamba kwa hadithi mbili za Mtume juu ya kumnywesha mwenye kiu. Nadra akaitwa. Alipofika barazani, mimi sikungoja hukumu. Nilikimbilia kwa mgonjwa na madafu mawili na panga, nikayapasua mwenyewe. Badria alikunywa yote huku akilia kwa furaha, akaniombea dua.

Baada ya alasiri moyo wake ulianza kusitasita. Nadra alikuwa bado anahojiwa aliposikia kelele, akatoka mbio pamoja na sheha, na gari ikapatikana. Huko mjini daktari alisema wangechelewa kidogo tu wangekuwa wanachimba kaburi. Nilimfuata Nadra ukumbini nimwombe radhi. Akanitazama juu mpaka chini.

"Mwalimu, ushapima?"

Sikuwa nimepima. Presha yangu ilikuwa mia moja na tisini, na mpaka leo nameza dawa yake kila asubuhi. Wengi waliokuwa wakimsengenya wakafuata nyuma yangu na vichupa vyao, na muuguzi wa kituo chetu akalalamika kwamba Jambiani nzima imeanza kukojoa siku moja.

Bi Nadra alifariki mwezi wa Shaabani mwaka 2024, kwa ghafla, akiwa palepale mlangoni. Hakujengewa kuba, na kaburini kwake hapafukizwi ubani. Anayetaka kumfuata, kabla hajambebea mgonjwa kitu na aulize, "Ameruhusiwa nini?" Hilo ni zito kuliko kubeba mkungu.

Siku ya maziko jua lilikuwa kali, na Bi Badria alilia mpaka sauti ikamkauka. Shoga yake mmoja akamwonea huruma, akamletea jagi la maji ya barafu. Mlangoni hapakuwa na mtu. Badria akakitafuta kile kikombe cha kahawa, akamimina, akanywa, akalirudisha jagi.

"Ongeza, dada, leo nani atakuona?"

"Ntakwenda kukutana naye," Badria akasema. "Na la kwanza atanuliza vikombe vingapi."