Must ya Tabea Sumari

Kiingereza cha Tabea Sumari wa Nkoaranga kilienea kiganjani: good morning, yes sir, give, cow, na mfalme wao wote, must, yaani lazima. Huyo mfalme alimwokota shambani kwa Bwana Reginald, mlowezi wa kahawa kule chini, alikokuwa kibarua wa kuchuma. You must pick. You must carry. You must not sit. Misimu ilivyopita Tabea akajiridhisha kwamba Kiingereza chote ni must. Mengine ni mate tu.

Philemoni, mtoto wa kaka yake, mwalimu wa shule ya misheni, aliona aibu kwa niaba ya ukoo mzima.

“Shangazi, Kiingereza kina ngazi. Mtoto akiomba husema can. Aliyesoma husema may. Muungwana husema could. Na aliyestaarabika hadi mwisho husema might, tena kwa sauti ndogo.”

“Na huyo wa might hupewa nini?”

“Huheshimiwa.”

“Heshima inakamuliwa?”

Aliuliza hivyo kwa sababu alikuwa na ng'ombe mmoja tu, na maziwa yake ndiyo yaliyomlea mjukuu wake mchanga, aliyefiwa na mama. Basi ng'ombe huyo huyo akakata kamba, akateremka, akala waridi za mke wa Bwana Reginald mpaka miiba. Bwana akamfungia zizini na kutangaza kuwa tangu leo ni wake. Mtoto akalia usiku kucha. Uji wa ndizi aliutema.

Philemoni akafunga tai, akaenda kuomba. “Sir, I wonder whether you might possibly, if you could…” Sentensi haijafika mwisho, Bwana amemaliza chai na mbwa wake amesinzia. “You might ask,” akajibu, “but you may not have it.” Kuomba waweza, kupewa hupewi.

Philemoni alirudi anatabasamu. “Amekataa, shangazi. Lakini kwa sarufi safi!”

Tabea akachukua kamba, akateremka mwenyewe. Akasimama mbele ya kibaraza.

“Good morning. You must give cow.”

Kikombe cha Bwana kikasimama hewani. Miaka yote neno lile lilikuwa likiteremka tu, kama maji ya mfereji. Hakuna aliyewahi kuliona likipanda mlima.

“You must be joking!” akafoka Bwana Reginald.

Maana yake, “bila shaka unatania.” Kwa Waingereza hawa, must hiyo hiyo ya kuamrisha ndiyo pia ya kukisia. Umelowa mvua, wanakwambia “you must be cold,” na hakuna aliyekuamuru utetemeke. Tabea angejulia wapi? Alisikia you must. Mkia wa sentensi hakuujali.

“Yes, sir,” akajibu kwa utii mkubwa. “Must.”

Akaenda zizini. Nyapara, aliyekuwa amesikia kwa masikio yake, akafungua lango, Tabea akatoka na ng'ombe; lakini kabla hawajafika nyumbani, askari wakawakamata.

Kesho yake walikuwa Boma la Arusha mbele ya afisa wa wilaya, Mwingereza ambaye watu walimwita Bwana Shauri. Mashtaka: wizi wa ng'ombe. Kidhibiti kimefungwa nje kwenye mti, kinalia. Philemoni ndiye mkalimani, jasho linamtiririka.

“Ulimwambia must?” Bwana Shauri alimuuliza Mwingereza mwenzake.

“Nilimwambia anatania!”

“Nauliza, ulitamka must au hukutamka?”

“Nilitamka, lakini si must ile!”

Philemoni akatafsiri. Tabea akashika kiuno.

“Ziko ngapi? Mwambie mimi naijua ile ya kunibebesha gunia. Kama alikuwa na nyingine ya utani, mbona siku zote hizo hakunitania?”

Madirishani, Wameru waliokuja kusikiliza wakaangua kicheko. Bwana Shauri akaficha mdomo nyuma ya kofia, akakohoa, akaamua: mtu aliyetii amri si mwizi, na waridi huchipua.

“You may take your cow.”

“Shangazi, amesema may! Umepewa ruhusa!”

“Ruhusa ya nini? Ng'ombe ni wangu. Anipe must.”

“Shangazi, nakuomba, twende.”

“Sitoki.” Akakaa sakafuni, miguu mbele.

Bwana Shauri akamtazama, akamsikiliza ng'ombe anavyolia kwa kiwele kujaa, akasalimu amri.

“You must take your cow. Now!”

“Yes, sir!” Tabea akainuka kama binti wa miaka kumi na sita.

Wakatoka kwa vigelegele, umati nyuma, ng'ombe katikati ya barabara akitembea kama bibi harusi. Motokaa ya Bwana Reginald ikakwama nyuma yao, ikapiga honi. Tabea akageuka.

“You must wait.”

Ikangoja, ikitambaa nyuma yao mpaka daraja la mto Themi. Na usiku ule, kule Nkoaranga, mtoto alikunywa mpaka maziwa yakamtokea puani, kisha akalala fofofo.