Mashua ya Ngozi ya Qantab

Siku ya kwanza kuingia karakana ya makumbusho kule mtaa wa Ghala, Maskati, miaka ya tisini mwanzoni, nilipokewa na uvundo wa ngozi za ng'ombe hata udi wangu ukashindwa. Mkuu wa Karakana alinitazama juu mpaka chini.

"Binti wa watu wa Unguja, kushona wajua?"

"Nguo nnajua."

"Basi leo utaivisha mashua."

Nyinyi mnaotengeneza vielelezo kwa kompyuta hamwezi kuijua kazi ile. Kielelezo ni kitu kinachofanywa mfano wa cha kale ili mtazamaji akielewe, na chetu kilikuwa mashua ya mataruma, yaani mbavu, za mti mwembamba, zilizofunikwa ngozi badala ya mbao. Tulitoboa kwa msharasi, ile sindano nene ya washona viatu, tukapitisha uzi wa katani uliopakwa nta. Vidole vilinitoka damu, wallahi.

Mashua ilikuwa ya Mtaalamu Mgeni, mzee wa Ulaya ya kaskazini, mrefu, mwekundu kwa jua. Alishikilia kwamba watawa wa kwao walivuka bahari kubwa kwa mashua za ngozi, wakafika Amerika karne nyingi kabla ya safari ile inayosomeshwa maskuli. Wenziwe walimcheka. Ushahidi hakuwa nao ila hadithi za watawa wenyewe, basi akataka angalau kuonyesha kwamba jambo lawezekana. Mkurugenzi wa makumbusho yetu alikuwa akitayarisha maonyesho ya mabaharia wa dunia. Aliwaalika wakubwa waje Qantab, kijiji cha wavuvi nje ya mji, wamwone mzee akipiga makasia mpaka nje ya ghuba.

Sasa, karakana yetu ilikuwa na desturi, Mkuu wetu aliitoa kwa wajenzi wa vyombo waliomlea. Chombo cha majini, aliyekishona hupanda kwanza. Asipopanda yeye, hapandi mtu, na jina lake katika ufundi limekwisha.

Ndani ya tangi la karakana, kiyoyozi kikivuma, mashua yetu iliwahi kuelea vizuri nami nimo ndani. Lakini kule Qantab ilishushwa mchangani asubuhi, wageni wakachelewa, jua likaipiga mpaka adhuhuri. Nilipopitisha mkono kwenye mshono wa chini, ulirudi umerowa mafuta. Nikabonyeza, ngozi ikacheza. Tundu za msharasi zilikuwa zimepanuka! Nikajua uzi wangu umelegea, na aibu ni yangu peke yangu.

Wageni washakaa vitini. Nikamwendea Mkurugenzi.

"Bwana Mkurugenzi, mshono unafunguka."

"Saa hizi ndiyo waniambia?" alininong'oneza, huku akiwachekea wageni. "Panda, Rayya. Usinivue nguo mbele za watu."

"Sipandi."

"Unajua unalolisema?"

Nilijua. Mzee alishavaa koti lake zito la sufu kama watawa wake, kasia mkononi, usoni ana furaha ya bwana harusi. Nilimwogopa Mkurugenzi, lakini koti lile majini lilinitisha zaidi. Nikapaza sauti kila mtu asikie.

"Mimi niliyeishona sipandi!"

Mkuu wa Karakana akalitwaa kasia mkononi mwa mzee. "Mshonaji amekataa. Hapandi mtu."

Loh, mzee alifoka kwa Kiarabu chake cha kuvunjikavunjika! Amengoja umri mzima, na mimi nimemuua. Ili wageni wasirudi bure, Mkurugenzi akaamuru mashua itiwe mawe ya uzito wa mtu, ivutwe na wavuvi. Ikaelea kwa madaha. Watu wakapiga makofi, nami nikatamani ardhi inimeze. Walipofika mdomo wa ghuba, penye maji meusi, mshono uliachia ghafla. Wavuvi wakawahi kukata kamba, mashua ikazama.

Makofi yalikoma. Mzee alikaa chini mchangani, koti lake mwilini. Baadaye akaniita, akaomba mkono wangu, akavinusa vidole.

"Si uzi wako, bibi. Ni mafuta ya kondoo tuliyoipaka ngozi. Bahari ya kwetu baridi huyagandisha. Hapa yameyeyuka."

Basi jua la Maskati halikuthibitisha neno wala kulikanusha. Watawa huenda walifika, huenda hawakufika.

Mkurugenzi hakunisamehe. Nilitupwa stoo, kisha mji wa mbali wa Qurayyat, mpaka miaka ya elfu mbili alipokuja Mkurugenzi mwengine akanirudisha. Tukashona mashua ya pili, ikawekwa ndani ya kioo. Kwenye kibao cha maelezo walitaka kuandika kwamba watawa walifika. Niligombana nao wiki nzima mpaka likaingia neno "huenda". Nnawaambia nyinyi vijana, watu watapenda kazi yenu iseme zaidi ya inachokijua. Msikubali, hata mkichukiwa.

Siku yangu ya mwisho kazini, mama mmoja alisimama mbele ya kioo kile akanigeukia.

"Bibi, hawa watu walifika kweli?"

"Sijui, mwanangu," nilimwambia. "Lakini yule mzee wao alirudi kwao salama."